Mahali Pasipo na Watu

...akilisema tu, basi, limekwisha, neno halina kamba ya kulivutia nyuma, na injinia bado ameielekeza penseli kwenye ramani, anangoja, anatabasamu hata, kama mtu anayemngoja mtoto ameze tonge ndipo aseme, na Luul amesimama hapo kando ya Landrova na mwanawe Hashi mgongoni, jua limewakalia wote utosini, mwenye bunduki na asiye nayo, na maneno ya mzee Hirbo, aliyeketi mbele yao, yamemjaa kinywani, maneno ya Kiborana, marefu, yenye njia nzima ndani yake, pita Biliqo, acha mto upande wa mkono wa kula, fuata laga, kijito kikavu, mpaka uone mikoma miwili imeegemeana... na hapo ndipo anapokwama, kwa sababu hapo penye mikoma, kwenye maji yasiyokauka, ndipo alipo Asho. Asho mdogo wake, wa tumbo moja, aliyeolewa na mfuga ngamia, na serikali ilipotangaza kwamba kila mtu aingie ndani ya seng'enge, na atakayekutwa nje ahesabiwe kuwa shifta, mwasi, Asho na mumewe hawakuingia, siyo kwa ubishi, Asho hana ubishi hata wa kumfukuza kuku, ila ngamia hawaishi ndani ya ua, wangekufa kama walivyokufa ng'ombe wa mzee Hirbo, mmoja mmoja, wamesimama, wakitazama majani upande wa pili wa waya, basi wakakata shauri kujificha huko penye maji mpaka vita viishe, na habari ya mwisho aliyoileta muuza maziwa ilikuwa kwamba Asho ana mimba kubwa, miguu imevimba, lakini anacheka, anasalimia sana, anauliza kama Hashi ameota jino.

"Sasa, mama," asema injinia, "mzee amesema nini?"

"Ngoja kidogo, bwana. Anasema... njia ni ndefu."

"Ndefu?" Huyo ni sajini, ameegemea gurudumu la akiba, bunduki ameipakata kama gitaa. "Maneno yote hayo, na maana yake ni 'njia ni ndefu'? Huyo mzee alikuwa anatoa habari ama anahubiri? Nimesikia Biliqo. Mimi sijui Kiborana, lakini Biliqo nimeisikia."

Ameisikia, bila shaka ameisikia, jina la mahali halifasiriki, linapita kwenye lugha zote na nguo zake zilezile, na injinia naye ameisikia, ameshaweka alama ndogo kwenye ramani, kiduara, Biliqo, kisha ameinua macho, anataka kilichobaki, na kilichobaki ni laga na mikoma tu, vitu visivyo na jina, hakuna anayevijua hapa ila mzee na yeye, na lo, mzito namna gani mkoma, mtu angedhani ni mti tu... Asubuhi aliamka akiwa mke wa Samatar, mwenye lori, na mama Hashi, basi, hakuwa kitu kingine, Samatar amekwenda Kinna kuchukua mzigo, yeye anachekecha unga, na mara chifu akabisha hodi, salaam aleikum, mkalimani wa Bwana DC ana homa, na wageni wa wizara wamefika, nani hapa mjini anajua Kiborana na Kiswahili na amesoma, si wewe, mke wa Samatar, umesoma wewe, na ni kweli alisoma, alimaliza darasa la saba, mwalimu alimpa kitambaa cha mkono kwa kuandika vizuri, lakini kusoma ni jambo moja na kusimama kati ya wanaume wawili, maneno ya huyu yakupite yaende kwa yule, ni jambo lingine, chifu hakusema kwamba yatapita humu, kifuani, yakiacha unyevu.

Na injinia si mtu mbaya. Ndilo linalomchanganya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi. Anaitwa Mungania, mtu wa Meru, anajua baridi na mvua, jua la huku linamtesa, shingo imewiva nyuma, lakini walipokuwa wanapanda Landrova alivua kofia yake akamfunika nayo Hashi, akasema mtoto kwanza, mimi kichwa changu kimeshakuwa kigumu, na njiani alikuwa akimweleza mambo kama anayemweleza mtu mwenziwe, siyo kama maofisa wanaokuambia tafsiri tu, wewe tafsiri. Akasema sasa tuna uhuru wetu, mama, nchi inataka umeme, siyo wa Nairobi peke yake, umeme ufike Meru, ufike hapa Isiolo, hospitali iwe na taa, mwanamke asijifungue kwa kibatari, na Luul moyo ukamruka kwa hilo la kibatari, kwa sababu ndivyo alivyozaliwa Hashi, kwa kibatari, na mkunga akiomba mafuta kwa jirani. Akasema kuna stesheni za namna mpya, huko ng'ambo zimeshajengwa, hazichomi kuni wala makaa wala mafuta, zinachoma jiwe, jiwe kiasi cha ngumi ya huyu mtoto linachemsha maji siku nyingi sana, na serikali inataka kujua mapema, ikiwa siku moja tutajenga ya kwetu, ijengwe wapi, ndiyo kazi yangu mimi, kutafuta mahali. Inahitaji ardhi isiyotetemeka. Inahitaji maji mengi, maji yasiyokauka hata mwaka wa njaa. Na... hilo la tatu alilisema akitazama nje, kule kwenye vumbi, na pawe mahali pasipo na watu.

Akamuuliza, kwa nini pasiwe na watu, ikiwa ni taa tu?

Injinia akajishika kwenye dirisha. Gari likaruka shimo, likaruka lingine. "Ni usalama tu, mama. Ni kama jiko. Huweki jiko kitandani."

Akakubali, ni kweli, hakuna anayeweka jiko kitandani, lakini jiko analolijua yeye ukilimwagia maji linazimika, na baba yake, Mungu amrehemu, aliyekuwa askari wa mfalme huko Burma, alikuwa akiwasimulia jinsi walivyopanga mstari asubuhi moja, wakaambiwa bomu moja, moja tu, limemaliza mji mzima wa Wajapani na vita vimekwisha, nao wakacheza, baba alisema tulicheza, nilitupa kofia juu, na miaka mingi baadaye, akiwa anafunga kamba za hema lake la biashara sokoni, alikuwa akiziachia ghafla na kusema, lakini tulikuwa tunacheza nini... na Luul alimuuliza injinia, ni moto uleule wa Japani? Injinia akamtazama kwa mshangao, akacheka kidogo, akasema, wewe umesoma kweli, ni uleule, mama, ila huu umefugwa. Umefugwa. Kama ngamia, kama mbuzi. Na itajengwa lini? Akasema labda isijengwe kabisa, labda huyo wa mgongoni awe na wajukuu kwanza, sisi tunapanga tu. Sasa ni nini hicho, kitu ambacho labda hakitakuwapo, kimesimamishwa leo mbele yake na kinataka mikoma miwili, kinataka Asho, leo, kabla ya adhuhuri, kwa jambo la wajukuu wa Hashi? Kwa sababu injinia atapiga kiduara chake, arudi zake Nairobi, akaoshe kichwa chake kigumu, lakini sajini amesimama hapo hapo, na masikio yake, na sajini hatafuti mahali pasipo na watu, yeye anatafuta watu, anatafuta maji ambayo watu wa nje ya waya wanayanywa, na mtu akishajua maji yako amekwisha kukujua wewe, watu walisema kule juu ngamia walipigwa risasi penye kisima, wakalala na shingo zao ndani ya birika...

Na sajini naye! Sajini naye si mtu mbaya, hapo ndipo kichwa kinapotaka kupasuka, maana ni sajini huyuhuyu aliyefungua lango asubuhi akaona wanawake wa Kiborana wamepanga foleni ya maji juani, akawafokea askari wake, kwa nini wazee wako nyuma, wapitisheni mbele, na akatoa biskuti ngumu mfukoni akamvunjia mtoto mmoja aliyekuwa analia, akajifanya anamlia ile biskuti, akamchekesha, na mkono uliovunja biskuti ndio ulioshika bunduki, mkono mmoja, hana mwingine. Mungu anawaumbaje watu hivi. Angeweka wabaya upande mmoja na wazuri upande mmoja kama mwalimu alivyokuwa akiweka mtama na mawe.

"Ama hajui?" asema injinia. "Kama hajui si kitu. Mwambie tu asione haya."

"Anajua."

Kwa nini amesema anajua! Angesema hajui. Hapana, asingeweza, mzee Hirbo ameketi pale kwenye kigoda chake, fimbo magotini, jicho moja lina ukungu na lingine ni la mwewe, hajui Kiswahili cha kununulia hata chumvi, lakini anajua uso, angeuona uongo unavyopita kama mtu anavyomwona fisi ndani ya nyasi, na baada ya maneno yote yale aliyoyasema, kuona mgeni anatikisiwa kichwa kwamba hakuna, lo, mzee wa Kiborana kugeuziwa neno lake la maji mbele ya watu... Basi aseme mahali pengine. Aseme Kinna. Kinna kuna maji, mifereji hata. Lakini Kinna kuna yule mama mwenye migomba, Regina, aliyemhifadhi Samatar lori lilipoharibika, akamlaza sebuleni, akamfungia ndizi za kumletea Luul aliyekuwa na mimba, mtu ambaye hajawahi kumwona hata uso, na wakija watu wa wizara na mkanda wa kupimia, wakamwambia mama ondoka, jiwe linataka kulala hapa? Basi aseme Garbatulla. Garbatulla kuna nyumba ya shangazi na mbuzi wake na hasira zake, na msikiti aliosomea Samatar. Tena mzee angelisikia jina, Kinna, Garbatulla, yangempita sikioni yamevaa nguo zao, angesema, mimi sikusema hivyo. Aseme mbele zaidi basi, jangwani, aseme mahali asipopajua, na ni kama mtu anatupa jiwe gizani akisema hakuna mtu huko, kisha anasikia aah. Anajaribu kupaona mahali pasipo na watu. Anafumba macho kidogo kwa ajili ya jua, anajaribu kabisa kwa moyo wake wote, kumsaidia injinia, na kila anapofika pana mtu anainua kichwa na kusema karibu.

Na hasira inampanda, na haijui njia, haimpati injinia wala sajini, inamwendea mzee. Wewe mzee! Unajua nani yuko huko. Si Asho peke yake, Denge mwanao yuko huko, mtoto wako wa kitinda mimba, ulimpa ngamia jike wako wa mwisho ukamwambia nenda kabla hawajafunga lango, kijiji kizima kinajua na kijiji kizima kimefunga mdomo, wameulizwa kwa upole na wameulizwa kwa kitako cha bunduki hawakusema, wewe mwenyewe walikulaza chini juani ukasema mimi ni kipofu, bwana, mimi sijui hata mlango wangu, ukawachekesha wakakuacha, na leo mtu anakuuliza mara moja, na sauti ya upole, na wewe unatoa yote, laga na mikoma, kama mtu anayemmwagia mwenziwe chai? Umechoka? Umezeeka leo asubuhi? Anamtazama, na mzee anamtazama yeye, na hakuna haya usoni mwake, hakuna hofu, ana utulivu wa mtu aliyefanya lililompasa, tena kana kwamba anamsikitikia Luul, anampungia mkono, anasema, "Intala," binti, "mbona umesimama? Mpe mgeni maneno yake. Mtu haachwi akingoja maji."

Haachwi akingoja maji.

Akingoja maji... Ngoja. Ngoja kwanza. Yarudi nyuma haya, yarudi mpaka mwanzo. Walifika, injinia akainama, maofisa hawainami, akashika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili kama kwao Meru wanavyoshika wakubwa, na mke wa mzee akatoka na maziwa, maziwa ya yule mbuzi mmoja waliyebaki naye, maziwa ya wajukuu, ndani ya chombo cha kusukwa chenye harufu ya moshi, na sajini akafanya uso, lakini injinia akakipokea, akanywa, siyo kuonja, alikunywa, akafuta mdomo, akasema haya ni matamu, kwetu pia tulikuwa tunatia moshi, na Luul alifurahi mno kulifasiri hilo, lilikuwa neno la kwanza kulipitisha na lilipita kama samli, mzee akacheka, akasema kwa hiyo huyu ana mama. Ana mama, amelelewa. Na baada ya hapo injinia akasema yale ya kazi, akayasema vizuri, hakuficha kitu, mwambie serikali inapanga kujenga stesheni ya umeme wa nguvu za atomu, siyo sasa, baadaye, na tunatafuta mahali penye ardhi tulivu na maji ya kudumu na pasipo na watu, na watu wakiwapo huenda wakahamishwa, mwambie na hilo, na tunauliza wazee kwanza kwa sababu wao ndio wanaojua nchi. Akayasema yote. Na yeye, Luul, akageuka kwa mzee, akatafuta Kiborana cha stesheni, hakukipata, akatafuta cha umeme, akapata radi, na serikali inataka kujenga radi si maneno ya kumwambia mzee, akatafuta cha atomu, giza, na kuhamishwa, hilo neno alikuwa nalo, hilo lipo katika kila lugha ya huku, lakini alimtazama yule mzee aliyekwisha kuhamishwa mara moja, na ng'ombe wake waliokufa wamesimama, akamwonea huruma, akasema moyoni, ya nini nimtwishe, akachukua maneno yote ya injinia, marefu kama mkufu wa ngamia, akakata, akakata, akabakiza kipande kimoja, akasema, mgeni anauliza, maji yasiyokauka yako wapi.

Huo ndio uliokuwa upole wake. Alikuwa amejisifu hata, kidogo, kwa kupata njia fupi.

Na huku, tangu ng'ombe waumbwe, mtu aliyekunywa maziwa yako akikuuliza maji humuulizi anatoka wapi wala anakwenda kumpiga nani, hata akiwa adui yako, hata akiwa na damu ya ndugu yako mkononi, utapigana naye baadaye akishakunywa, kwa sababu mwenye kumficha mgeni maji visima vyake hufa, na watu wake hufa kwa visima hivyo, alilijua hilo tangu utoto, wauza maziwa walilisema mlangoni mwao kila ukame, hata Denge huko aliko analijua, hata Asho ameshalijua. Mzee walimpiga akasema ni kipofu, kwa sababu wale waliuliza watu wako wapi, na swali la watu unaweza kulidanganya mchana kutwa. Leo amekuja mgeni mwenye maziwa mdomoni, na mdomo mwingine, wa mwanamke mwenye mtoto, ukamuuliza maji. Mzee hakumuuza mtu. Alimpa mwenye kiu. Hakuulizwa na wizara. Aliulizwa na Luul.

Na sasa maneno yale kinywani yamebadilika ladha, mpaka sasa alikuwa anajiuliza ayatoe au ayafiche, ayapinde yaelekee Kinna au Garbatulla, kana kwamba ni yake, kana kwamba amepewa ayalinde, na kumbe si yake, yametolewa kwa mtu ambaye hayupo, mgeni fulani mwenye kiu aliyemtengeneza yeye mwenyewe kwa huruma, hayupo kabisa, hapa yupo mtu mwenye ramani tu. Hajui mzee atasema nini akijua. Labda atanyamaza. Labda atasema mimi ni kipofu, bwana. Labda, na hilo nalo linamwogofya, mzee atasikiliza habari za taa na mwanamke asiyejifungua kwa kibatari, atafikiri, aseme pajengwe hapohapo, ni wazee, huwezi kujua, na Asho je? Hajui. Sajini atafanya nini? Hajui. Atomu kwa Kiborana ni nini? Hajui, hajui hata kwa Kiswahili, lakini hilo hasa ndilo ambalo mzee hajaambiwa, kwamba hata anayemuuliza hajui anachouliza.

Hashi anajigeuza mgongoni, anapiga chafya. Penseli iko palepale.

"Mama?" asema injinia.

"Maneno yako, bwana, sikuyafikisha yote," asema Luul. "Nilikata. Nataka kuyarudia kwake, kwanza, kabla sijakupa yake."

"Ulikata?"

"Nilikata mengi."

"Sasa huyu mama vipi," asema sajini, anaondoka kwenye gurudumu, "ramani iko huku, we mama, huko unageukia nini?"

Lakini ameshageuka, ameipa mgongo ramani na Landrova na bunduki, anachuchumaa mbele ya kigoda mpaka macho yake yawe chini ya jicho zima la mzee, na anaanza kwa Kiborana, polepole, kama mtu anayevuka maji asiyoyajua kina chake.

"Mzee," anasema, "huyu mgeni hana kiu. Mimi ndiye niliyekuuliza vibaya. Nipe sikio nikuambie anachotafuta, chote, na mahali nisipoelewa nitakuambia hapa sielewi."